Enameli ya kioo juu ya shaba na fedha: uzi kwa masonara na mafundi wa vito

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu masonara, na wote mnaopenda kazi za metali, amani iwe kwenu.

Mwezi huu nimeletewa vidani vitatu nivitengeneze, na wenye navyo, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia kwamba vina enameli. Niligusa ukingo wa nyuma wa kila kimoja kwa ncha ya sindano niliyoipasha moto, na katika vyote vitatu sindano ilizama kama inavyozama kwenye nta. Ilikuwa epoksi, yaani gundi ya plastiki, iliyotiwa rangi. Sina ugomvi na epoksi, kwa kuwa ina mahali pake, lakini wateja wale walikuwa wamelipa bei ya kazi ya moto, na mmoja wao alikuwa amenunua kidani chake kwa ajili ya harusi ya binti yake. Nimeona niandike kwa urefu yale ninayoyajua baada ya miaka 18 ya usonara, ambayo 6 ya mwisho nimeitumia zaidi kwenye enameli, ili anayetaka kujifunza ajue anachojifunza, na anayenunua ajue anachonunua.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukaomba enameli, utapewa kopo la rangi ya mafuta ya kupaka milango. Ukienda kwa wauzaji wa vifaa vya mapambo, utapewa chupa mbili za kuchanganya, na mchanganyiko huo utakauka wenyewe bila moto. Vyote viwili si enameli inayozungumzwa na sonara. Enameli ni kioo: kioo kilichosagwa kikawa unga, kikawekwa juu ya metali, kikayeyushwa hapo hapo mpaka kikashikamana nayo. Mfano ulio karibu na kila mmoja wetu ni kile kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu, kilichopo katika nyumba nyingi za kwetu, ambacho kikianguka sakafuni hubanduka kigamba na kuacha doa jeusi la chuma. Kile kigamba kilichobanduka ni kioo halisi, na ukikivunja kwa kucha utaona kingo zake ni kali kama za chupa.

Ukishakubali kwamba enameli ni kioo, mambo mengine yote ya kazi hii yanafuata kutoka hapo, na makosa mengi ninayoyaona yanatokana na kuifikiria kama rangi. Rangi hupakwa, hukauka, na hushika popote. Kioo kina tabia zake, na iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba hutanuka kwa joto na kusinyaa kikipoa, sawa na metali iliyo chini yake, lakini si kwa kiasi kilekile. Ufito wa shaba wenye urefu wa mita 1, ukiongezewa joto la nyuzi 100 za Selsiasi, hurefuka kwa takriban milimita 1.7. Wa fedha hurefuka kwa takriban milimita 1.9, wa dhahabu 1.4, na wa chuma 1.2. Watengenezaji wa enameli hupanga viungo vyao ili kioo kirefuke pungufu kidogo kuliko metali kinakokusudiwa kukaa. Kwa nini pungufu? Kwa sababu vitu hivi viwili vinapotoka motoni vikiwa vimeshikamana, metali husinyaa zaidi na kukibana kioo kutoka kila upande, na kioo huvumilia sana kubanwa ilhali hakivumilii kuvutwa. Enameli isiyolingana na metali yake itavutwa, itapasuka nyufa nyembamba kama nywele, au itaruka vipande vipande, wakati mwingine saa ileile na wakati mwingine baada ya siku mbili, kidani kikiwa tayari shingoni mwa mteja.

Viungo vyake si vingi. Kuna silika, ambayo ndiyo mchanga safi; kuna soda au potashi ya kushusha kiwango cha kuyeyuka; kuna boraksi; na katika enameli nyingi za zamani, na baadhi ya zinazouzwa hadi leo, kuna risasi, ambayo huifanya ing'are na iyeyuke kwa urahisi. Mchanganyiko huo peke yake hutoa kioo angavu kisicho na rangi. Rangi huletwa na oksidi za metali: kobalti hutoa buluu nzito, shaba hutoa kijani na feruzi, manganizi hutoa zambarau, dhahabu kidogo sana hutoa waridi na nyekundu ya damu, na oksidi ya bati hukifanya kioo kiwe cheupe kisichopitisha mwanga. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia leo huchimbwa Kongo, upande wa Katanga, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya machimbo na masoko, na kila nikifungua chupa yangu ya unga wa buluu hukumbuka hilo.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Nitaeleza kwa kina mtindo mmoja tu, ule wa vizimba vya waya ambao Wafaransa huuita kluazone, kwa sababu ndio ninaoufanya kila wiki, na kwa sababu anayeuweza huo ana msingi wa mingine yote.

Chukua bamba la shaba nyekundu lenye unene wa milimita 0.8 hadi 1, ulikate umbo unalotaka, kisha uligonge taratibu juu ya kigogo chenye kishimo mpaka litune kidogo katikati. Mtuno huo si pambo. Bamba tambarare likipata kioo juu yake hupinda likipoa, lakini lenye mtuno hujishikilia. Hatua inayofuata ndiyo inayoamua kila kitu, nayo ni usafi. Chemsha bamba katika maji yenye asidi ya limau, ile ya chengachenga nyeupe inayotiwa kwenye sharubati, mpaka shaba iwe ya waridi kote. Lisugue kwa brashi na unga wa pumisi, kisha lipitishe chini ya maji ya bomba. Maji yakitandaa kama utando mmoja juu ya shaba, ni safi. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta, hata kama ni ya kidole chako tu, na mahali pale penye mafuta ndipo enameli itakapobanduka. Kuanzia hapo usilishike tena usoni, lishike kingo.

Unga wa enameli nao huoshwa. Hili wanafunzi wangu wengi hawakuliamini mpaka walipoona tofauti kwa macho. Tia unga kwenye bilauri, mimina maji, koroga, subiri sekunde chache chenga nzito zitue chini, kisha mwaga maji yaliyo kama maziwa. Rudia mpaka maji yawe maangavu. Yale maziwa unayoyamwaga ni vumbi jembamba mno la kioo, na ndilo linaloleta ukungu ndani ya rangi angavu. Mara ya mwisho tumia maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea kwenye betri la gari, kwa sababu maji ya visima vyetu yana chumvi.

Anza na nyuma ya bamba. Nyunyiza kwa chekecheo tabaka la enameli yoyote, hata mabaki ya rangi zilizochanganyika, na ulichome. Tabaka hili la nyuma halitaonekana na mtu, lakini ndilo linalosawazisha nguvu za upande wa mbele, ili bamba libanwe sawasawa kutoka pande zote mbili. Ukiliacha kwa ajili ya kubana matumizi, mbele patapasuka. Kisha geuza, weka mbele tabaka jembamba la enameli angavu isiyo na rangi, choma tena.

Hapo ndipo waya huingia. Natumia waya bapa wa fedha safi, wenye unene wa milimita 0.2 na kimo cha milimita 1, niliousimamisha kwa ubavu wake. Unakunjwa kwa koleo ndogo kufuata mchoro, kipande kwa kipande, na kila kipande lazima kiwe na pindo au kona ya kukifanya kisimame, kwa sababu waya ulionyooka huanguka kabla haujafika tanuruni. Unashikizwa kwa gundi nyepesi ya mimea inayoungua bila kuacha masizi. Ukichomwa, tabaka la chini hulainika, nyaya huzama kidogo na kushikwa. Sasa una vizimba, na kila kizimba hujazwa unga uliolowana kwa kutumia kijiti au brashi nyembamba, kama mtu anayetia uji kijikoni kwa mtoto, kidogo kidogo, ukigonga ukingo wa bamba ili chenga zijipange na viputo vya hewa vitoke. Maji hunyonywa kwa pembe ya kitambaa cha pamba. Kisha kipande kikaushwe juu ya tanuru mpaka kisitoe mvuke hata kidogo. Ukiingiza unga wenye unyevunyevu, maji yatachemka ghafla na kurusha chenga za kijani kwenye kizimba cha nyekundu.

Tanuru liwe kati ya nyuzi 750 na 850, na kipande kidogo hukaa humo kwa dakika 1 hadi 4 tu. Usiache macho yako. Kwanza unga hugeuka mweusi, na wengi huogopa hapo, lakini ni kawaida. Kisha huwa kama sukari iliyolowana. Kisha uso huwa na vijishimo kama ganda la chungwa. Mwisho hutulia na kung'aa kama maji. Toa hapo. Kioo hushuka kikiyeyuka, kwa hiyo utajaza na kuchoma mara 3, mara 5, wakati mwingine zaidi, mpaka kifikie kimo cha waya. Mwisho kabisa husagwa kwa jiwe la kunolea chini ya maji yanayotiririka, kisha msasa wa maji wa namba 220 hadi 1200, kikasuguliwa kwa brashi ya nyuzi za kioo ili kuondoa vumbi la jiwe, na kurudishwa motoni kwa muda mfupi tu kipate ng'aro yake.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Mchangiaji wa kwanza (fundi wa shaba, Dar es Salaam)

Shukrani nyingi, fundi. Nina jambo linalonisumbua kwa miezi sasa. Nilipata mabaki ya bamba la njano linalong'aa vizuri, na pia mabaki ya shaba nyekundu. Kwenye nyekundu enameli hukaa. Kwenye ile ya njano hushika siku hiyo, na asubuhi nikifungua kabati nakuta vigamba vimelala chini. Nilidhani unga ni mbovu nikanunua mwingine, mambo yakawa yaleyale.

Mwanzisha uzi

Ndugu fundi, unga wako hauna kosa. Ile shaba ya njano ina zinki ndani yake, mara nyingi karibu theluthi moja, na zinki haipatani na moto wa enameli. Kwenye joto hilo huanza kutoka kama mvuke na kuinua kioo kutoka chini, na aloi yenyewe, yaani huo mchanganyiko wa shaba na zinki, iko karibu na kiwango chake cha kuyeyuka. Mafundi hutumia aloi yenye zinki isiyozidi asilimia 5 hivi, ambayo bado ina rangi ya kahawia nyekundu, si ya njano. Mabaki ya njano yatunze kwa kazi nyingine, na moshi wake mweupe usiuvute.

Niongeze jambo kuhusu shaba nyekundu, kwa kuwa umeigusa. Kila ikiingia tanuruni, mahali pasipofunikwa na kioo hutengeneza magamba meusi ambayo huruka yakipoa na kuangukia kwenye kazi. Baada ya kila mchomo, ondoa magamba hayo kwa asidi ya limau na brashi kabla hujajaza tena. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilipoteza birika zima la kahawa, kazi ya wiki tatu, kwa gamba moja dogo kuliko punje ya mtama lililokaa katikati ya ua jeupe.

Mchangiaji wa pili (sonara, Mombasa)

Nami nichangie kutoka upande wa ukoo wetu. Sisi ni masonara kwa vizazi vinne, na hata neno sonara tulilonalo katika Kiswahili lilikuja na mafundi wa Kihindi waliofika pwani hii. Marehemu babu mzaa baba alikuwa na jozi ya bangili za dhahabu kutoka Jaipur nchini India, ambazo mbele zilikuwa na vito na nyuma, upande unaogusa ngozi, zilikuwa na maua mekundu na kijani ya enameli juu ya nyeupe. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza kwa nini wameficha upande mzuri, akanijibu kwamba anayeuvaa anajua upo.

Kazi ile huitwa minakari, na haitumii waya. Fundi huichimba dhahabu yenyewe kwa patasi ndogo, akitengeneza vibonde, na enameli hujaza vibonde hivyo. Masimulizi ya Jaipur yanasema kwamba Raja Man Singh wa Amber alileta mafundi wake kutoka Lahore mwishoni mwa karne ya 16. Rangi zao huchomwa kwa mpangilio wa ustahimilivu: nyeupe hutangulia kwa kuwa huhimili moto mwingi, na nyekundu hufuata mwisho kwa kuwa huharibika upesi.

Swali langu ni kuhusu fedha. Mimi nafanya kazi na fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha safi kati ya 1000, ndiyo wateja wangu wanayoijua. Nimejaribu nyekundu angavu juu yake mara nyingi, na kila mara hutoka rangi ya chai.

Mwanzisha uzi

Nimefurahi sana kusoma habari za babu yako, Mungu amrehemu. Jibu alilokupa ni jibu la fundi kamili.

Hiyo kazi ya kuchimba ndiyo inayoitwa shampleve kwa Kifaransa, na mji wa Limoges nchini Ufaransa uliifanya kwa wingi katika karne ya 12 na 13, ila wao walitumia shaba na kuipaka dhahabu. Ipo hatua moja mbele ya hapo, nayo naiona kuwa ndiyo inayofaa fedha kuliko zote: unachonga picha yenyewe ndani ya kibonde, yenye kina tofauti tofauti, kisha unaifunika kwa enameli angavu. Penye kina kirefu rangi huwa nzito, penye kina kifupi huwa nyepesi, na mwanga huingia, hugonga fedha, na kurudi. Ndani ya Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London kuna kikombe cha dhahabu cha karne ya 14 kilichotengenezwa hivyo, na nguo nyekundu za watu waliochorwa humo zinaonekana kana kwamba zina mikunjo ya kitambaa. Karl Fabergé wa Saint Petersburg alifuata kanuni hiyohiyo, isipokuwa mistari iliyo chini ya enameli zake ilichongwa kwa mashine kwa mpangilio wa mawimbi.

Sasa nyekundu yako. Kuna mambo mawili yanayotokea kwa pamoja. La kwanza, nyekundu na waridi zinazotokana na dhahabu zikigusa fedha moja kwa moja hubadilika zikawa za kahawia au manjano. Weka kwanza tabaka la enameli angavu isiyo na rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya fedha, au, ikiwa mteja anaweza kugharimia, weka juu ya tabaka hilo karatasi nyembamba ya dhahabu, ichome ishikane, kisha nyekundu ikae juu ya dhahabu. Tofauti yake huwezi kuifananisha. La pili, fedha ya 925 ina shaba ndani yake, na shaba hiyo huungua na kuacha kivuli cha kijivu chini ya kioo. Dawa yake ni ya zamani na ni rahisi: kabla ya enameli, pasha kipande moto mpaka kiwe cheusi kidogo, kitie kwenye asidi, kisugue kwa brashi, na urudie mara 5 hadi 7. Kila mara asidi huondoa shaba ya juu, mpaka uso ubaki na ngozi nyembamba ya fedha safi, nyeupe kama chokaa. Baada ya hapo usipige tupa wala msasa, la sivyo utaitoboa ngozi hiyo. Kumbuka pia kwamba fedha ya 925 huanza kuyeyuka kwa sehemu karibu na nyuzi 800, ilhali fedha safi huyeyuka karibu nyuzi 962 na shaba 1085. Kwa hiyo tumia enameli laini zinazoyeyuka mapema, na usiondoke mbele ya tanuru.

Mchangiaji wa tatu (mwanafunzi, Kampala)

Naomba kuuliza kwa heshima. Sisi tusio na tanuru la umeme tufanyeje? Na hata tukilipata, umeme ukikatika kipande kikiwa ndani, je, kazi imekufa?

Mwanzisha uzi

Dada au kaka yangu, kazi haijafa. Kioo hukumbuka moto vizuri. Umeme umenikatikia mara nyingi, na kipande kikabaki katika hali ya ganda la chungwa. Nilichofanya ni kukiacha kipoe taratibu humohumo bila kufungua mlango, na umeme uliporudi nikakichoma upya kikatulia. Kinachoua kazi ni kukitoa haraka kwa hofu na kukiweka juu ya bati la baridi.

Kuhusu kufanya bila tanuru, tochi ya gesi inatosha kwa vipande visivyozidi sentimita 4 au 5. Weka kipande juu ya wavu wa chuma, na moto utoke chini, wala usiguse enameli kwa juu, kwa sababu ulimi wa moto huichafua na kuifanya nyeusi. Zungusha moto ili joto lienee. Utaona hatua zilezile nne nilizozieleza, na kwa kweli wanaoanza na tochi hujifunza kuzisoma mapema kuliko wenye tanuru lenye kipimo cha joto.

Makaa nayo yametumika kwa karne nyingi kabla ya umeme. Mtawa mmoja wa Ulaya aliyeandika maelekezo ya ufundi katika karne ya 12 alieleza kazi ikiwekwa juu ya bamba la chuma, ikafunikwa kwa kofia ya chuma yenye matundu mengi madogo, makaa yakarundikwa pande zote na juu, na mivukuto ikavutwa. Kofia ile huzuia majivu yasianguke juu ya kioo. Nimejaribu jambo hilo kwa jiko la mkaa na chungu cha udongo nilichokitoboa, na nilipata kijani na buluu nzuri, ila nyeupe ilikuwa na madoa. Mkaa wa mti mgumu hutoa joto la kutosha ukipulizwa vizuri.

Mchangiaji wa nne (mfanyabiashara wa kazi za mikono, Nairobi)

Nina watoto wadogo nyumbani, na meza yangu ya kazi iko kwenye kona ya sebule. Umetaja risasi. Naomba ueleze bila kunificha.

Mwanzisha uzi

Mama, umeuliza swali la lazima, na nasikitika kwamba sikulitanguliza.

Kazi hii isifanyike sebuleni penye watoto, hata kama unga wako hauna risasi. Hatari kubwa iko kwenye vumbi, kwa kuwa ni kioo kilichosagwa, na kioo kikiingia mapafuni hakitoki. Kama unga una risasi, vumbi hilo ni sumu pia, na mtoto anayetambaa na kuweka vidole mdomoni ndiye wa kwanza kudhurika. Nunua enameli zilizoandikwa wazi kwamba hazina risasi, nazo zinapatikana katika rangi nyingi. Baadhi ya nyekundu, manjano na rangi ya chungwa zisizopitisha mwanga hutumia kadimiamu, nayo ni sumu. Vaa kinyago chenye kichujio unapochekecha, usisage kikiwa kikavu hata mara moja, futa meza kwa kitambaa kilicholowana badala ya kufagia, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Macho nayo yanahitaji miwani ya kuzuia mwanga wa tanuru, kwa kuwa kuuangalia mlango wake kila siku kwa miaka huchosha na kuharibu lenzi ya jicho. Kwa vyombo vya chakula, usitumie enameli za vito hata kidogo.

Ikiwa huna mahali pengine, afadhali usubiri.

Mchangiaji wa kwanza

Nimeichoma shaba nyekundu jana usiku kama ulivyoelekeza, nikaosha unga mpaka maji yakawa maangavu. Ukungu umekwisha. Nilikuwa naosha mara moja tu. Je, ile enameli isiyo na mgongo, inayopitisha mwanga kama dirisha, unaifanya?

Mwanzisha uzi

Hongera sana, fundi. Hiyo inayopitisha mwanga naifanya, lakini kwa kila vipande vitatu hupoteza kimoja. Vizimba huwa havina sakafu. Unaweza kuweka chini yake karatasi ya ulanga, ile inayobanduka tabaka kwa tabaka kama vitunguu, kwa kuwa kioo hakishikani nayo kwa nguvu, na baada ya kuchoma unaiondoa. Ulanga ulichimbwa milima ya Uluguru zamani za ukoloni, na vipande vyangu nimevipata kwa mzee mmoja wa Morogoro. Vizimba vikiwa vidogo, chini ya milimita 5, unga uliolowana unaweza kujishikilia wenyewe kati ya kuta kama povu la sabuni kwenye pete, bila kitu chochote chini.

Kwa kuwa umeanza peke yako bila mwalimu, nikusimulie habari ya Kaji Tsunekichi wa jimbo la Owari nchini Japani, aliyezaliwa mwaka 1803. Enzi zake kazi ya vizimba ilikuwa imefifia sana huko. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1830 alipata sahani ya enameli iliyoletwa na meli za Waholanzi, akaivunja kwa makusudi ili aone waya umekaaje na tabaka zimepangwaje, na kutokana na vipande vile akajifundisha mpaka akatengeneza sahani yake mwenyewe. Wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake walieneza kazi hiyo kuzunguka Nagoya. Kabla ya karne ile kwisha, Namikawa Yasuyuki wa Kyoto alikuwa akitengeneza vyombo vyenye nyaya nyembamba zilizofuata mchoro kama wino wa kalamu, na mwenzake wa Tokyo, Namikawa Sosuke, asiye ndugu yake ingawa wana jina moja la ukoo, alikuwa akiziondoa nyaya kabla ya mchomo wa mwisho ili rangi zikutane zenyewe.

Mchangiaji wa pili

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kulabu na pete ya kidani unazilehemu lini? Nimelehemu kabla, lehemu ikayeyuka tanuruni. Nimelehemu baada, kioo kikapasuka.

Mwanzisha uzi

Zote mbili zimenipata. Siku hizi nailehemu mara chache mno. Enameli naitengeneza kama kito: kipande kamili, kilichopoa, kilichomalizika. Kisha natengeneza kikalio chake cha fedha kando, na kulabu, pete na kila kinachohitaji lehemu kinalehemiwa kwenye kikalio kikiwa kitupu. Mwisho naingiza enameli na kukunja ukingo wa fedha juu yake kwa chuma laini, taratibu, nikizunguka pande zinazotazamana, kama unavyofunga tanzanaiti. Ukingo usibane kwa nguvu mahali pamoja. Ikilazimu kulehemu kabla, tumia lehemu ngumu kuliko zote, yaani inayohitaji joto kubwa zaidi kuyeyuka, iwe kidogo, na usiruhusu enameli ikae juu ya mshono wake, kwa kuwa itabadilika rangi na kutoa viputo.

Na kwa kuwa wengi wameniandikia pembeni wakiuliza waanzie wapi, nawashauri wasianze na kidani. Kateni vipande 20 vya shaba vya sentimita 2 kwa 3, na katika kila kimoja mgawanye uso mara nne: rangi juu ya shaba tupu, juu ya enameli angavu, juu ya nyeupe, na juu ya karatasi ya fedha. Chupa hazisemi ukweli kuhusu rangi, kwani unga wa zambarau nzito huonekana wa kijivu, na kijani kibichi huonekana cheupe. Toboeni tundu kwenye pembe, andikeni nyuma kwa kalamu ya chuma namba ya rangi, joto na dakika, na mvitundike ukutani mbele ya meza. Vyangu vimefika 140, na bado sianzi kazi ya mteja kabla sijavitazama.